Bekapu Isiyowahi Kufunguliwa

Jumapili ya Mei 12, 2024 intaneti ilizorota Kenya na katika nchi jirani. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na kwa siku kadhaa mawasiliano yakawa ya kusuasua. Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, mwenye hoteli, mwenye duka la dawa au karani wa shule aliyeweka kazi zake zote mtandaoni alikuwa na sababu ya kujiuliza: vitu vyangu viko salama?

Vilikuwa salama. Kilichokatika ni njia, na mzigo ulibaki pale pale. Watu wa Malindi wanaijua vizuri tofauti hiyo. Novemba 2023, mvua za El Nino zilipoliharibu daraja la Mbogolo na kuikata barabara kuu ya Mombasa–Malindi, bidhaa zilizokuwa Mombasa zilibaki Mombasa, nzima. Shida ilikuwa kuzifikia. Kukosa njia kuna mwisho wake. Kupotea kwa kumbukumbu ni jambo jingine, na ndilo linalonishughulisha hapa, kwa sababu biashara na taasisi nyingi za pwani yetu zinahamia kwenye wingu zikiamini kwamba kuhama tu kunatosha.

Kuhama kwenyewe nakuunga mkono kwa moyo wote. Kompyuta ya nyuma ya kaunta huku kwetu haina maisha marefu. Upepo wa bahari unaleta chumvi inayokula chuma, unyevu unapenya kila mahali, umeme unakatika na kurudi kwa kishindo. Usiku wa Ijumaa Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na sehemu nyingi zikakaa hivyo kwa saa nyingi. Mashine ikifa na diski yake, hesabu za miaka mitano zinakwenda nayo. Kukodi seva kwenye kituo chenye jenereta, mafundi wa zamu na walinzi ni busara tupu.

Lakini wingu ni jengo, na lina anwani yake. Microsoft walifungua vituo vyao Afrika Kusini 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakafuata Johannesburg 2024. Kabla ya hapo data nyingi za huku zilikaa Ulaya na Marekani, na nyingi bado ziko huko. Majengo huungua. Machi 10, 2021 moto ulizuka katika vituo vya kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kituo kimoja kiliteketea chote na kingine kikaungua sehemu. Wapo wateja waliopoteza data pamoja na bekapu, kwa kuwa vyote viwili vilikuwa vimewekwa eneo moja.

Kwa hiyo muulize kijana anayekutunzia mitambo: “Mwanangu, bekapu tunazo?” Atakujibu bila kusita: “Tunazo, mama. Kila siku saa nane usiku mfumo unapiga snapushoti.” Jibu hilo ni zuri, na mara nyingi ni la kweli. Ila halijamaliza maneno.

Snapushoti ni picha ya diski nzima jinsi ilivyokuwa katika nukta moja ya wakati. Diski ya seva imegawanywa vipande vidogo vidogo, mamilioni kwa mamilioni. Katika huduma kama ya Amazon, picha ya kwanza hunakili kila kipande chenye kitu ndani yake. Picha ya pili huchukua vile tu vilivyobadilika tangu ile ya kwanza, na kwa vilivyosalia huelekeza kwenye nakala ya awali. Ndiyo maana diski yenye gigabaiti 100 za data inaweza kupigwa picha kila usiku kwa mwezi mzima bila kulipia gigabaiti 3,000. Ikiwa kinachobadilika ni gigabaiti 1 kwa siku, utalipia karibu 130. Kwa bei ambayo Amazon wametoza kwa miaka mingi katika kituo chao cha Virginia, senti 5 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi, hiyo ni dola 6 na nusu, chini ya shilingi 1,000. Vituo vingine vina bei zao, lakini huwezi kusema kwamba hoteli ya vyumba ishirini haimudu.

Wengi huogopa kufuta picha za zamani wakidhani kuwa mpya zitabomoka. Haziwezi kubomoka. Ukifuta picha ya Jumatatu, mfumo hautupi vipande ambavyo picha ya Jumanne bado inavitegemea, na kila picha inayobaki ina uwezo wa kurudisha diski nzima. Jambo la kukumbuka ni jingine: picha inashika nukta ya kuanza. Kunakili kunaweza kuchukua saa nzima huku wageni wakiendelea kuandikishwa, na chochote kilichoandikwa baada ya nukta ile hakimo.

Tuitazame nukta yenyewe kwa karibu. Hoteli iko Watamu, mgeni yuko Nairobi, na saa nane kamili usiku anamaliza kulipa arubuni. Programu ya hoteli inapokea taarifa kutoka M-Pesa, yenye msimbo wa muamala wa herufi na tarakimu kumi. Inatakiwa ifanye mambo mawili: iandike malipo kwenye jedwali la fedha, na iweke alama kuwa chumba namba 7 kimechukuliwa. La kwanza limeshafika kwenye diski. La pili bado liko kwenye kumbukumbu ya muda ya mashine, linangoja zamu yake. Hapo hapo picha inapigwa. Ndani ya picha hiyo pesa zimeingia, na chumba namba 7 kiko wazi.

Hifadhidata nzuri, kama PostgreSQL au MySQL inayotumia InnoDB, zina dawa ya hali hii. Kabla ya kugusa jedwali, huandika kwanza kwenye daftari la miamala kile zinachokusudia kufanya. Zikiamshwa kutoka kwenye picha ya diski hujiona kama zilizozimikiwa na umeme: hulisoma daftari, hukamilisha muamala uliothibitishwa na kuutupa ule wa nusu. Sharti ni kwamba fundi aliyeandika programu ameyafunga mambo yale mawili ndani ya muamala mmoja. Akiyaandika mbali mbali, hifadhidata haina namna ya kujua kuwa yanakwenda pamoja. Kwa hiyo ubora wa bekapu huanzia mezani kwa mwandishi wa programu, na mwenye hoteli ana haki ya kumuuliza jambo hilo kabla hajamlipa.

Hatari huzidi pale hifadhidata inapokuwa kwenye diski moja na daftari lake kwenye diski nyingine, na picha zikapigwa kwa kupishana sekunde chache. Diski moja inakumbuka saa nane kamili, ya pili inakumbuka saa nane na sekunde tano, na zikikutanishwa hazielewani. Tangu 2019 Amazon wamewezesha diski zote za seva moja zipigwe picha kwa nukta moja. Pasipo na uwezo huo, dawa ni ile ya siku zote: uandishi usimamishwe kwa muda mfupi, mfumo wa mafaili ugandishwe, picha ianze, kazi iendelee. Saa nane usiku hakuna mgeni atakayehisi.

Sasa tuseme seva imeharibika saa sita mchana, na umerudisha picha ya usiku. Saa kumi za kazi zimefutika kwenye mfumo wako. Pesa, hata hivyo, hazirudi nyuma pamoja na diski. Mgeni aliyelipa saa tatu asubuhi ana ujumbe wa M-Pesa kwenye simu yake, na taarifa ya malipo ya hoteli inaonyesha fedha hizo zimeingia. Ni programu yako tu isiyokumbuka. Atashuka kwenye tuktuk na mizigo yake, na mpokeaji wageni atamwambia jina lake halipo. Hapo anahitajika mtu anayeketi na taarifa ya M-Pesa, anapitia msimbo mmoja baada ya mwingine, na kurudisha kila malipo mahali pake. Nimeona mipango mingi ya bekapu iliyoandikwa vizuri kwa upande wa mashine na isiyosema neno lolote juu ya mtu huyu. Kwangu mimi yeye ni nusu ya mpango.

Hoteli basi ina bahati kiasi, kwa kuwa nusu ya ukweli wake iko kwa wengine: kwa kampuni ya simu, kwa benki, kwa wageni wenyewe. Kuna kumbukumbu ambazo hakuna mwingine aliye na nusu yake.

Kilifi ina mfano mkubwa wa kumbukumbu hizo. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, imefanya kazi mjini hapa pamoja na Wellcome Trust tangu 1989. Mwaka 2000 watafiti wake walianzisha rejista ya wakazi wa eneo la kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali ya Kilifi. Wahojaji hupita nyumba kwa nyumba, na utaratibu umekuwa wa kurudi kila baada ya miezi minne. Huuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani mjamzito, nani kahamia na nani kahama. Maelezo ya rejista hiyo yalipochapishwa 2012, ilikuwa na wakazi wapatao 260,000. Mtoto akilazwa hospitalini, jina lake hutafutwa hapo hapo kwenye rejista, na ugonjwa wake ukaunganishwa na boma anakotoka.

Thamani yake ilionekana chanjo ya nimokokasi, bakteria wanaoleta nimonia, ilipoingia Kenya 2011. Ili kujua kama chanjo inafanya kazi, haitoshi kuhesabu wagonjwa waliopo wodini. Lazima ujue pia ni watoto wangapi walikuwa wakiishi katika eneo lile, kabla ya chanjo na baada yake. Kilifi walikuwa na hesabu hiyo, mwaka baada ya mwaka. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 yalionyesha kwamba maradhi makali yatokanayo na aina za nimokokasi zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hoja yote inasimama juu ya miaka ile ya kabla. Mtoto aliyezaliwa Tezo 2003 na familia yake ikahamia Mombasa 2006 yumo ndani ya hesabu kwa sababu kuna mtu aliyepita akauliza na kuandika. Hakuna bajeti itakayomrudisha mhojaji kwenye boma lile mwaka 2004.

Pwani hii imezoea data za namna hiyo kuliko wengi wanavyodhani. Kutoka jukwaa la San Marco katika ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, setilaiti ya Uhuru ilirushwa Desemba 12, 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, ikiwa ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya kupima eksirei kutoka angani. Orodha ya nne ya vyanzo ilivyovigundua ina vyanzo 339. Mawimbi yaliyopita siku zile yamepita. Kilichobaki ni kile kilichorekodiwa na kutunzwa.

Kumbukumbu za aina hii zikikaa kwenye seva ya wingu, popote ilipo, picha ya kila usiku inayodumu siku 30 haizitoshi. Adui yao mkubwa ni kosa la kimya. Programu iliyosahihishwa vibaya inaanza kubadilisha tarehe za kuzaliwa mwezi Machi, na mtu anagundua Septemba anapoandika ripoti. Kufikia hapo kila picha uliyonayo imebeba kosa lile lile. Ndiyo maana wanaoelewa kazi hii huweka picha za kila siku kwa mwezi, za kila mwezi kwa mwaka mzima, na za mwisho wa mwaka kwa muda mrefu zaidi. Kando ya picha hutoa pia data yenyewe katika mafaili ya kawaida yanayosomeka na mashine yoyote, kwa kuwa picha ya diski ni ya mfumo wa kampuni iliyoipiga, na kampuni hubadilika.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote ninavyovijua ni cha kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu duniani kote. Usiku wa Januari 31, 2017 mhandisi wake mmoja, akihangaika na hifadhidata iliyokuwa imelemewa, alitoa amri ya kufuta mafaili akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Alikuwa kwenye seva kuu. Aliposimamisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4 na nusu. Kampuni ikageukia bekapu zake. Nakala za kila siku za hifadhidata zilikuwa hazifanyiki, kwa sababu toleo la chombo cha kunakili halikulingana na toleo la hifadhidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa njiani. Picha za diski za wingu hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni snapushoti moja ambayo mhandisi yule yule alikuwa ameipiga kwa mkono saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa ya majaribio. Kuirudisha kulichukua zaidi ya saa 18, kwa kuwa ilikuwa imekaa kwenye diski za polepole, na miradi isiyopungua 5,000 iliyofunguliwa katika saa zile sita ilipotea.

Nawaheshimu watu wale kwa kuwa walieleza yote hadharani, saa kwa saa, huku kazi ikiendelea. Walikuwa wataalamu, na walikuwa na njia kadhaa za bekapu zilizoandikwa. Hakuna aliyekuwa amejaribu kuzifungua.

Kuna pia swali la nani anaweza kuzifuta bekapu, nalo lina kisa chake. Juni 2014 kampuni iitwayo Code Spaces ilivamiwa na mtu aliyepata ufunguo wa akaunti yao ya Amazon. Alidai fidia, na walipojaribu kumtoa akaanza kufuta. Seva, diski na snapushoti, zote zilikuwa chini ya akaunti ile moja. Kwa muda wa saa 12 hivi sehemu kubwa ikawa imekwisha, na kampuni ikafunga milango. Miaka kumi baadaye, Mei 2024, mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya nusu milioni, ulifutiwa sehemu ya mfumo wake kwenye wingu la Google kwa kosa la upangaji upande wa Google. Miongoni mwa vilivyoisaidia UniSuper kusimama tena ni bekapu iliyokuwa nayo kwa mtoa huduma mwingine. Kwa hoteli ya Malindi au zahanati ya Gongoni hatua ileile inawezekana kwa gharama ndogo: akaunti ya pili, yenye nywila tofauti, inayopokea nakala na isiyoruhusu yeyote wa akaunti ya kwanza kuzifuta.

Sheria nayo imo. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataja, miongoni mwa hatua za kuzingatiwa, uwezo wa kurudisha data za watu kwa wakati baada ya ajali ya mitambo. Hoteli inayopiga picha pasipoti za wageni inaguswa moja kwa moja. Inaguswa pia kwa upande wa pili: pasipoti uliyoifuta leo ingali ndani ya snapushoti za mwezi uliopita. Picha hizo zifungwe kwa usimbaji, na ziwe na tarehe ya kuisha inayofuatwa kweli.

Mei na Juni, mvua za masika zikiwa zimeshika na hoteli nyingi za Malindi na Watamu zimefunga au zinatengeneza mapaa, ndio wakati wa kufungua bekapu. Chukua picha moja, si lazima iwe ya jana, uirudishe kwenye seva mpya iliyo pembeni. Usishangae ikiwa nzito mwanzoni. Katika huduma kama ya Amazon vipande vya diski huletwa kutoka ghalani pale tu vinapoitwa kwa mara ya kwanza, na ripoti iliyozoea sekunde tatu inaweza kuchukua dakika kadhaa. Andika muda uliotumika tangu kuanza hadi karani alipoweza kuingia. Tafuta majina matano ya wageni wa mwaka jana ukiwa na karatasi zao mkononi, ulinganishe tarehe na fedha. Utakuta vilivyokosekana: nywila aliyokuwa nayo fundi aliyehama, mafaili ya picha yaliyokuwa diski nyingine, anwani ya malipo inayoelekeza kwenye seva ya zamani.

Kabla ya yote hayo, izuie seva ya majaribio isitoke nje. Nakala iliyoamshwa haijui kuwa ni nakala. Itaendelea na kazi pale ilipoachia saa nane usiku, na wageni wa mwezi uliopita wataanza kupokea ujumbe wa kukaribishwa na kudaiwa salio.